Wivu Wangu kwa Mpishi wa Ng'ambo

Watu wa mtaani kwetu walikuwa wakisema kwamba Mpishi alipima kwa macho. Walilisema hilo kama sifa, na wengine wanalisema mpaka leo ingawa mwenyewe hayupo tena. Si kweli. Nilikaa naye ua kwa ua pale Ng'ambo, mtaa wa Tabora, kwa miaka kumi na tisa, tukitenganishwa na mabati chakavu, na kwa kuwa nilimwonea wivu nilimchunguza kuliko walivyomchunguza waliompenda. Hakuwahi kupima kwa macho hata siku moja. Alipima kwa kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa lolote. Leo kopo la maziwa ya unga, kesho kikombe cha bati kilichong'oka mkono, keshokutwa kibuyu kilichokatwa. Mwenye shughuli angeuliza, "Mpishi, tukuletee mizani?" Naye angejibu, "Leteni mchele." Kisha angeangaza huku na huku, akaokota chombo kilicho karibu, akakipangusa kwa ncha ya kanga, na kuanzia dakika ile chombo hicho kikawa sheria. Mchele kwa hicho, maji kwa hicho, mafuta kwa hicho. Ole wake atakayekiondoa.

Kwenye harusi moja kule Chemchem nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokwenda kusaidia. Mama mmoja, kwa nia njema kabisa, alichota maji kwa bakuli lake mwenyewe akayamimina kwenye sufuria. Mpishi akasimamisha kazi.

"Umechota mangapi kwa hilo?"

"Manne tu, Mpishi. Yanalingana na ya kopo lako."

"Nani kayalinganisha?"

Mpishi aliamuru maji yote yamwagwe, wakaanza kuhesabu upya, na muda huo bwana harusi alikwisha kuoga na kuvaa. Mimi nilikuwa pembeni nakata vitunguu. Alipita karibu yangu akasema, kama mtu anayejisemea, "Kopo si kitu. Liwe kubwa, liwe dogo, mchele haujui. Kulibadilisha katikati ndiko kunakoua."

Nilibaki na kisu mkononi, macho yananitoka machozi ambayo yangeweza kudhaniwa ni ya vitunguu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, darasa la sita na la saba. Hilo alilolisema akipita, mimi hulifundisha kwa wiki tatu, na kitabu, na chaki za rangi mbili, na mwisho wa wiki tatu nusu ya darasa bado haijui uwiano ni mnyama gani.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Ng'ambo kila mtu ni mjukuu wa mpagazi, au wa aliyempikia mpagazi, au wa aliyemuuzia kamba ya mzigo, na habari hizo hazinisaidii kumweleza. Nitaeleza nilichokiona, pamoja na kile nilichofanya, maana siwezi kumchora yeye nikajificha mimi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito kidogo. Alipika pilau ya watu mia tano, lakini yeye mwenyewe hakuila. Nyumbani kwake alikula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo watoto wa siku hizi wanayakunjia uso. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Pilau naijua sana. Haiwezi kunishangaza." Aliyaeleza maji na mchele kwa yeyote aliyeuliza, hata kwa wapishi wengine waliomnyang'anya kazi, lakini viungo vyake alivichanganya ndani, mlango umefungwa, na hata mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja hakuruhusiwa kuingia. Hakusifia mtu. Sahani ikisifiwa mbele yake alitazama kando, na ikilaumiwa alitazama kando vilevile.

Mwanangu Hadija ndiye aliyenifikisha kwenye wivu wenyewe. Ni mwanangu wa pekee. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu wake wa hisabati nilikuwa mimi, jambo ambalo halimfai mtoto wala mama. Tulikuwa kwenye uwiano. Gawa machungwa ishirini kati ya watu wawili kwa uwiano wa 2:3. Hadija aligawa ishirini kwa mbili akapata kumi, kisha akagawa ishirini kwa tatu, akapata sita na baki ya mbili, akaandika majibu hayo kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilimsahihisha darasani, nikamsahihisha nyumbani. Mbili jumlisha tatu ni tano, ishirini gawanya kwa tano ni nne, kwa hiyo mmoja anapata nne mara mbili na mwingine nne mara tatu. Aliitikia. Kesho yake akaandika kumi, na sita na baki ya mbili. Wiki ya pili akaanza kulia akiona tu daftari.

Jumamosi moja alikwenda kwa Mpishi kumsaidia kuchambua mchele. Alirudi akakaa mkekani, akafanya maswali matano mfululizo, yote yakawa sahihi.

"Nani kakufanyia?" nilimuuliza.

"Nimefanya mwenyewe. Bibi Mpishi kanipa karanga. Kasema nimpe yeye tatu, mimi nichukue mbili, tena tatu, tena mbili, mpaka ziishe. Zilipoisha akaniuliza, mkono wako umekwenda mara ngapi?"

"Halafu?"

"Halafu basi." Akanitazama. "Mama, kwa nini wewe hukusema hivyo?"

Nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimesema hayo hayo, pengine mara ishirini, ila niliyasema nikiwa nimeupa ubao uso na darasa kisogo. Niliingia jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Habari ikaenea. Wenzake Hadija wakaanza kupita kwa Mpishi baada ya shule, watatu, kisha saba, kisha sikuhesabu tena. Waliiita "tuisheni ya karanga". Mimi niliwaona kupitia tundu la bati, wamechuchumaa kumzunguka, yeye anakuna nazi wala hawatazami, na wao wanagawana karanga kwa nne na moja, tano na mbili, wakibishana. Wiki iliyofuata nilinunua karanga kilo nzima nikaenda nazo darasani. Watoto wakazila kabla hatujafika swali la pili.

Nilitafuta mahali atakaposhindwa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya. Siku moja nilimpelekea kitabu cha darasa la sita, nikamfungulia ukurasa wenye uwiano.

Alikitazama kwa mbali, kwa sababu macho yake yalitaka umbali. "Hizi nukta mbili katikati ni za nini?"

"Zinasomwa 'kwa'. Mbili kwa tatu."

"Mbili kwa nani?"

"Si kwa mtu, mama. Mbili kwa tatu. Ni namna ya kuandika."

"Basi wangeandika mbili na tatu tu," alisema, akanirudishia kitabu. "Mtoto akisoma 'kwa' anangoja mtu apewe."

Nilikwenda nyumbani na furaha. Alikuwa hajui alama ya uwiano, mimi naijua. Furaha hiyo niliitunza karibu wiki nzima, mpaka nilipokuwa nasahihisha madaftari nikakuta mtoto mmoja ameandika pembeni kwa penseli, "mbili kwa nani", kisha jibu sahihi chini yake. Hapo nikaelewa ni kwa nini wengi wao walikuwa wakikwama. Walikuwa wanangoja mtu apewe.

Nikamjaribu tena, safari hii kwa uwiano wa kinyume, ambao huwaangusha hata walimu. Tulikuwa barazani kwake, na Hadija alikuwapo.

"Mama, nikuulize swali la kitabuni. Wapishi wanne wanamaliza kupika shughuli kwa saa sita. Wapishi wanane watamaliza kwa saa ngapi?"

Alifikiri kwa makini. "Wanajuana?"

"Haisemi."

"Kama wanajuana, saa nane. Watapiga soga."

Hadija akacheka mpaka akajishika mbavu. Nikasema jibu ni saa tatu.

"Saa tatu," alirudia. "Nyama gani hiyo, Mwalimu, inayoiva upesi kwa kuwa wanaoitazama wamezidi?"

Nilicheka na mimi, kwa meno tu.

Mjini kulikuwa na mwenye duka la viungo, Mhindi wa hapa hapa Tabora, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mtu yule alikuwa na mchezo na Mpishi. Alikuwa akichanganya bizari nyembamba mpya na iliyokaa, anaandika kipimo kwenye kikaratasi, anakikunja na kukiweka chini ya mizani. Mpishi akifika, anamwagiwa kidogo kiganjani.

"Mama, leo unaanguka," mwenye duka alisema siku niliyokuwapo mimi na orodha yangu ya sukari na sabuni.

Mpishi aliifikicha, akainusa, akafumba macho. "Mpya mbili, ya zamani moja."

Mzee alikunjua kikaratasi, akanionyesha mimi kama shahidi. Ilikuwa mbili na moja. Alimfungia bizari kwa heshima ambayo sijawahi kufungiwa kitu, na mimi nikaambiwa, "Na wewe Mwalimu, sukari?"

Siku nyingine alikosea. Alisema tatu na moja, kumbe mzee alikuwa ameweka mpya tupu, amtege. Mpishi akalipa akaondoka. Hadija, aliyekuwa naye, aliniambia kwamba kesho yake asubuhi duka likifunguliwa, Mpishi alikuwa tayari amesimama mlangoni. "Jana kulikuwa na mvua," alimwambia yule mzee. "Pua ilikuwa nzito. Nipe nyingine." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu anayesema kopo si kitu, lakini halali usingizi kwa ajili ya kiganja kimoja cha bizari.

Sasa nifike kwenye mahafali ya darasa la saba, ambayo nimeyazunguka vya kutosha.

Mwalimu Mkuu alitaka Mpishi aitwe apike. Mimi nilipinga kwenye kikao. Nilisema walimu tunaweza, kwamba mapishi ya watu wengi ni hesabu, na mwalimu wa hesabu yupo. Wenzangu waliniunga mkono, wengine kwa kuniamini na wengine kwa kutaka kuona. Nikapewa.

Nyumbani nilikuwa napika pilau nzuri. Makopo matatu ya mchele, makopo sita ya maji. Moja kwa mbili. Kwa mahafali tulikuwa na masufuria matatu makubwa, kila moja likipokea makopo themanini ya mchele. Themanini mara mbili, mia na sitini. Niliandika kwenye karatasi, nikaihakiki mara mbili, nikaibandika kwenye mti wa uwanja wa shule ili kila mwalimu aione. Sikubadilisha kopo katikati. Hilo nililishika kwa ukali mpaka mwalimu wa michezo akaninunia.

Sufuria la kwanza tulilifunika likaiva peke yake, tukingoja kuona. Lilipofunuliwa, mwiko ulizama ukasimama wenyewe kama umechomekwa kwenye udongo. Haikuwa pilau. Ilikuwa uji wa kahawia wenye vipande vya nyama. Wazazi walikuwa wameshaanza kukaa kwenye viti, na masufuria mawili yalikuwa na maji yaleyale mia na sitini yanachemka, yanangoja mchele.

Mpishi alikuwapo kama mgeni, kwa sababu mjukuu wa jirani yake mwingine alikuwa anahitimu. Alivaa gauni la kijani na mtandio mpya. Alisimama pale kwenye sufuria, akatazama ndani, akatazama karatasi yangu mtini, ambayo hakika hakuisoma, akavua mtandio akampa Hadija. Alichukua kopo langu, lile lile, akaanza kuyatoa maji kwenye sufuria la pili, akihesabu kwa sauti ya chini. Alitoa makopo hamsini. Akahamia la tatu, akatoa hamsini. Kisha akaniambia, "Tia mchele, Mwalimu."

Ule uji wa kahawia akaupondaponda na mwiko, akaongeza samli, akaamuru wapewe kwanza wazee wasio na meno na watoto wadogo. Wazee walikula wakaomba tena. Mmoja aliniita akanishukuru kwa kuwakumbuka.

Mwalimu Mkuu alikuja akauliza kimetokea nini. Nilikuwa nimefungua mdomo, sijui ningesema nini. Mpishi akajibu kabla yangu: "Mwalimu alipiga hesabu sawasawa. Sufuria ndiyo haikusoma."

Watu wakacheka. Ilikuwa kauli ya kuniokoa, nilijua hivyo palepale, na palepale nikamchukia. Kwa miaka mingi baadaye, jambo likiharibika shuleni, mtu alisema "sufuria haikusoma", na macho yakanigeukia.

Siku ya tatu ndipo nilipoweza kwenda kwake. Nilijifanya nimekwenda kurudisha mwiko niliouazima zamani.

"Nilikosea wapi, mama? Moja kwa mbili nyumbani inakubali."

Alikuwa anasuka ukindu. Hakusimamisha mikono. "Maji ya kupikia yana safari mbili. Yapo yanayoingia kwenye mchele, na yapo yanayokwenda na mvuke. Yanayoingia kwenye mchele yanaufuata mchele. Ukiuongeza, unayaongeza. Yanayokwenda na mvuke yanafuata mdomo wa sufuria. Wewe uliongeza mchele karibu mara thelathini. Mdomo wa sufuria yako uliongezeka mara thelathini?"

Mdomo wa sufuria ulikuwa umeongezeka labda mara sita.

Nilikuwa na cheti cha ualimu, nilikuwa nimefundisha uwiano miaka kumi na miwili, na hakuna siku hata moja niliyowaambia watoto kwamba kuna vitu ambavyo haviongezeki pamoja. Nilikuwa nawapa maswali ambayo kila kitu kinaongezeka pamoja, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyotaka, na mimi mwenyewe nikaamini dunia iko hivyo.

Niliondoka na maelezo yale na nikayafanya yangu. Muhula uliofuata nilipeleka darasani sufuria dogo na sufuria kubwa, jiko la mkaa, mchele na maji. Watoto walipima maji kabla na baada. Tulichora jedwali: maji yanayonywewa na mchele, maji yanayopotea. Watoto ambao hawakuwahi kunyoosha kidole walinyoosha mikono yote miwili. Siku hiyo alikuwapo mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, akikaa nyuma na daftari lake. Kipindi kilipokwisha alikuja mbele akanishika mkono.

"Wazo hili umelipata wapi, Mwalimu?"

"Kwenye uzoefu," nilisema.

Uzoefu. Sikusema uzoefu wa nani.

Niliitwa kwenye semina ya walimu wa kata zote za mjini, nikafundisha somo hilo kwa siku mbili na masufuria yangu. Walimu walipiga makofi. Nilirudi na cheti chenye fremu. Hadija, ambaye wakati huo alikuwa sekondari, alikitazama kikining'inia sebuleni.

"Bibi Mpishi umemwambia?"

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilikuwa nikimwona kila siku, shikamoo, marahaba, za asubuhi, na kila siku nilikuwa na sababu. Iddi iliyofuata hakutuletea sahani kama alivyokuwa akileta kila mwaka. Nilidhani amechoka. Mwaka uliofuata ililetwa tena, ikawa imepita.

Hadija alisoma akawa mfamasia, na sasa yuko kwenye kituo cha afya Urambo. Tulipomfanyia sherehe ndogo ya kuhitimu chuo, nyumbani, na walimu wenzangu wakiwa wamekaa, alisimama kutoa shukrani. Alisema, "Namshukuru mama yangu kwa kunilipia ada. Na namshukuru Bibi Mpishi kwa kunifundisha hesabu." Hakukusudia ubaya. Alisema kama mtu anayetaja ukweli unaojulikana na wote. Wenzangu walitazama sahani zao. Mpishi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alitazama kando, kama kawaida yake. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na wageni walipoondoka nilikaa chooni muda mrefu.

Nikisema wivu, watu hudhani nilitaka alichokuwa nacho. Sikutaka kupika. Nilitaka watoto wachuchumae kunizunguka vile. Nilitaka kuwa nimejua jambo mpaka nisihitaji kugeuka nyuma kulitazama ubaoni. Na nilitaka, zaidi ya yote, anisifie, yeye asiyesifia mtu. Nilipeleka kwake matokeo ya wanafunzi wangu kila mwaka nikijifanya namsomea habari. "Wamefaulu sitini na wawili, mama." Naye alisema, "Alhamdulillahi," na kuuliza wale wengine wamekuwaje.

Miguu ilipomshinda alihamia Kwihara kwa mpwa wake. Mji ulipata wapishi wengine, wenye mizani na majiko ya gesi. Kwenye ua wake akaingia mpangaji mwenye pikipiki. Niliendelea kusema nitakwenda Kwihara, na Kwihara si mbali, bodaboda hata hasimami njiani. Ilinichukua mwaka na miezi.

Nilimkuta barazani, asubuhi, amekaa kwenye kitanda cha kamba, miguu imefunikwa kanga mbili. Alikuwa amepungua mwili mpaka sauti yake ilionekana kubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Hadija hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Mama, nina jambo nimekuja kulisema."

"Lile la masufuria."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, kwa sababu sikuona kiti.

"Hadija alinieleza wiki ile ile," alisema. "Kwamba umekwenda kufundisha walimu, ukapewa karatasi."

"Ulijua siku zote hizo?"

"Nilijua. Na nilikasirika, usidhani sikukasirika. Iddi ile sikukuleteeni sahani, wewe ulidhani nimesahau?"

"Nilidhani umechoka."

"Nilipika ya nyumba kumi na moja. Yako nikairuka." Alipumua, akangoja pumzi irudi. "Si kwamba nilitaka karatasi. Ningeiweka wapi? Lakini ungesema tu, 'mama mmoja jirani yangu.' Hata jina usitaje. Mama mmoja jirani yangu. Maneno hayo yangekupunguzia nini?"

Nilisema lile la kweli. "Nilikuwa nakuonea wivu, mama."

"Hilo nalo nilijua. Nilikuwa napima mchele naona jicho kwenye tundu la bati. Nikawa najiuliza, huyu ananitazama hivi kwa kunipenda au kwa kunichukia. Mpaka nimehama pale sijapata jibu."

"Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alitazama kando, kule barabarani alikokuwa anapita mtu na baiskeli ya mkaa. Kisha aliuliza kama bado ninafundisha lile somo, nikasema ndiyo. Akauliza watoto wanaelewa, nikasema wengi wao.

Hapo ndipo alipotoka mke wa mpwa wake na bakuli la uji. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mwenye mikono laini. Alinisalimia vizuri. Kisha akakaa kitandani ubavuni kwa Mpishi, akamwegemeza begani kwake, akamtengenezea kanga bila kuulizwa, akapuliza uji kijikoni kabla ya kumpa. Mpishi akameza. Akamtazama yule mwanamke, akaniambia mimi, "Huyu anaujua uji wangu. Hakuna mwingine anayeupatia kama huyu."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimsifia mtu. Miaka yote ile, sahani zote zile, sitini na wawili waliofaulu. Kitu kilinipanda kifuani kwa nguvu ambayo sikuitarajia katika umri wangu. Kilikuwa kile kile ninachokijua, lakini safari hii hakikuwa juu ya Mpishi. Kilikuwa juu ya yule mwanamke mwenye bakuli.

Niliinuka sakafuni. "Dada, nipe mimi," nilisema. "Wewe kapumzike, nitamlisha."

"Usijali, dada, nimeshazoea."

"Nipe tu."

Alisita, akamtazama Mpishi. Akaniachia bakuli na nafasi yake kitandani. Nilimwegemeza Mpishi begani kwangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilichota uji, nikaupuliza, akafungua mdomo.

Nilimlisha taratibu mpaka bakuli likaisha. Yule mwanamke hakwenda kupumzika. Alisimama mlangoni muda wote, mikono ameifumbata, akinitazama kwa jicho ambalo mimi nalijua vizuri.